Desmos kwa mtihani wa takwimu: kizuri, ila chunga herufi moja

Desmos ni kikokotoo cha bure kinachofunguka kwenye kivinjari, na kwa takwimu za sekondari kinatosha kabisa. Mtego wake mkubwa ni mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi data zilivyotawanyika kuzunguka wastani. Andika L=[2,4,4,4,5,5,7,9], kisha stdev(L): unapata takriban 2.138, kwa sababu amri hiyo hugawanya kwa n−1 (n ni idadi ya data), yaani ni ya sampuli. Amri ya stdevp(L), ya kundi zima, hugawanya kwa n na kutoa 2 kamili. Herufi moja tu, na alama zimekwenda!

Mstari wa mwelekeo, yaani ule unaopita karibu zaidi na nukta za data, huandikwa y₁~mx₁+b, ambapo x₁ na y₁ ni safu za jedwali lako; ukiweka = badala ya ~, m na b hazipatikani. Kwenye binomia (uwezekano wa idadi ya mafanikio katika majaribio), binomialdist(10,0.5).cdf(3,10) hujumlisha uwezekano wa 3 hadi 10, na 3 yenyewe ikiwemo, hivyo "zaidi ya 3" ianzie 4. Kasoro: hakionyeshi hatua.