Kufuatilia wageni wa tovuti yako: njia sita, kuanzia ile ya bure iliyo mfukoni mwako

Wafanyabiashara wengi wa Nairobi, wakishafunguliwa tovuti, huniuliza: "Sasa niweke kitu gani kinionyeshe watu wanafanya nini humo ndani?" Fundi wa tovuti kwa kawaida hujibu "Google Analytics" na mambo yanaishia hapo. Mimi kwanza humuuliza mwenye biashara atabadilisha nini akishajua. Muuza vitambaa wa Biashara Street hatafuti habari zilezile na kampuni inayopeleka watalii Maasai Mara, na shule inayotaka kujua kama wazazi wamefungua ratiba ya muhula ina haja nyingine kabisa.

Lakini kuna jambo linalowakutanisha wote. Mteja wa hapa ni nadra kujaza kikapu mtandaoni, akalipa kwa kadi, akafunga simu. Anatazama picha, anasoma bei, kisha anabonyeza kitufe cha WhatsApp au anapiga simu. Mnaelewana huko, na pesa inaingia kwa Lipa na M-Pesa. Kwa hivyo tendo lenye thamani kuliko yote kwenye tovuti yako ni lile la mgeni kutoka humo na kuja kuzungumza nawe. Chombo kisichohesabu tendo hilo kitakuambia watu wamepita barabarani. Hakitakuambia ni nani aliyebisha hodi. Hicho ndicho kipimo nilichotumia kuzipanga njia hizi.

1. Ujumbe wa WhatsApp ulioandikwa tayari

Najua wengi walitarajia jina la programu hapa. Lakini nimeona njia hii ikiwafaa wenye maduka madogo kuliko michoro yoyote, na haigharimu hata shilingi.

Kiungo cha WhatsApp huanza na wa.me, kisha mkwaju, kisha nambari yako ikianza na 254, bila alama ya kujumlisha na bila ile sifuri ya mwanzo. Ukiongeza ?text= na maneno fulani, mteja anayebonyeza atakuta ujumbe umeshaandikwa, kazi yake ni kuutuma tu. Siri iko katika kuweka maneno tofauti kwenye kila ukurasa. Ukurasa wa vitenge uandike "Habari, naulizia kitenge K14." Ukurasa wa mapazia uandike "Habari, naulizia pazia P03." Kiungo unachoweka Instagram kiwe na maneno yake, na kile cha Facebook kiwe na yake.

Jioni ukifungua simu, kikasha chako chenyewe ndicho ripoti. Unaona K14 imeulizwa mara tisa na P03 haijaulizwa hata mara moja. WhatsApp Business ina lebo za rangi, kwa hivyo unaweza kutenga walioulizia na walionunua. Hakuna programu ya kigeni inayoweza kukuunganishia swali la mteja na malipo yake namna hiyo, kwa sababu malipo yenyewe hayapiti kwenye tovuti.

Udhaifu wake ni miwili. Mteja anaweza kufuta yale maneno akaandika "Niaje, bado mko?" Na hutamwona yule aliyefika mpaka kwenye kitufe akaghairi. Huyo ndiye anayetupeleka kwenye namba mbili.

2. Kihesabu chepesi kisichotumia vidakuzi

Katika kundi hili napendekeza Plausible, inayotengenezwa na kampuni iliyosajiliwa Estonia. Skripti yake, yaani kile kipande cha msimbo kinachowekwa kwenye tovuti yako, ni nyepesi sana. Jambo hilo lina maana kubwa kwetu, kwani mgeni wako analipia bando, na kila kitu unachoongeza kwenye ukurasa anakipakua kwa pesa yake. Ripoti yote iko kwenye ukurasa mmoja unaosomeka vizuri kwenye simu, na unaweza kuifundisha ihesabu kila anayebonyeza kitufe cha WhatsApp au nambari ya simu. Hapo ndipo unapojua kati ya watu mia waliofungua ukurasa wa mapazia, wangapi walibisha.

Haiweki vidakuzi, yale mafaili madogo yanayobaki kwenye kivinjari cha mgeni. Inamtambua kwa kuchanganya anwani ya IP (nambari ya muunganisho wake wa intaneti), aina ya kivinjari na siri inayobadilishwa kila siku, halafu siri hiyo inatupwa. Matokeo yake, mtu aliyekuja Jumatatu akarudi Jumanne anahesabiwa kama wageni wawili. Usishtuke, ila usijumlishe siku saba ukadhani umepata idadi ya watu wa wiki.

Bei yake imekuwa ikianzia dola 9 kwa mwezi kwa kurasa 10,000 zinazotazamwa, lakini iangalie upya siku unayonunua. Kama huna kadi ya benki, M-Pesa GlobalPay hukupa kadi ya Visa ya mtandaoni ndani ya simu. Asiye na bajeti hiyo aanze na Cloudflare Web Analytics: ni bure na haina vidakuzi. Hiyo itakuhesabia kurasa na kasi ya kufunguka kwake, lakini haitakuhesabia vitufe vyako, na ndiyo sababu sikuipa nafasi yake yenyewe.

3. Google Analytics

Ni ya bure na ina uwezo mkubwa, na kwa mtu anayelipia matangazo ya Google ingekuwa namba moja, kwa sababu inaunganisha tangazo na kilichofuata. Ilianza mwaka 2005 baada ya Google kuinunua kampuni ya Urchin. Toleo la sasa, GA4, lilitoka 2020, na lile la zamani liliacha kupokea takwimu tarehe 1 Julai 2023. Ukikuta mwongozo mtandaoni ulioandikwa kabla ya hapo, upite.

Kwa nini basi iko ya tatu? Kwa sababu mwenye duka huifungua mara mbili, akapotea ndani ya menyu zake, na hairudii tena. Chombo kisichosomwa hakina bei nafuu hata kikiwa cha bure.

Ukiichagua, yafanye haya siku ya kwanza. Muda wa kutunza takwimu za kina umewekwa miezi 2. Upandishe hadi 14, kwa maana ukikumbuka Desemba, ya Agosti yameshakwenda. Viungo vinavyompeleka mgeni nje ya tovuti, kikiwemo cha WhatsApp, inaweza kuvihesabu yenyewe, lakini kitufe cha kupiga simu mwambie fundi akiwekee tukio lake, yaani alama inayohesabu kila kinapobonyezwa.

Kuna mitego miwili ambayo miongozo ya ng'ambo haiitaji. Wa kwanza ni mahali. Mgeni anayetumia data ya simu anatambuliwa kwa anwani ya IP ya mtandao wake, hivyo mtu aliye Kakamega anaweza kuonekana yuko Nairobi. Usifungue tawi kwa kuitegemea ramani hiyo. Wa pili ni wewe mwenyewe. Unafungua tovuti yako mara ishirini kwa siku, na wafanyakazi vilevile, na nyote mnahesabika. Google hukupa njia ya kujiondoa kwa anwani ya IP, lakini kwenye data ya simu anwani hiyo hubadilika na hutumiwa na watu wengi kwa pamoja, kwa hivyo njia hiyo inafaa tu ofisi yenye intaneti ya waya na anwani isiyobadilika.

Jambo lingine linahusu namba 2, 3 na 5. Kiungo kilichosambazwa kwenye makundi ya WhatsApp mara nyingi huingia kwenye ripoti kama mgeni aliyekuja "moja kwa moja", kana kwamba aliandika anwani kwa mkono. Ongeza ?utm_source=whatsapp mwishoni mwa kiungo kabla ya kukisambaza. (Herufi ya kwanza katika utm ni ya Urchin ileile.) Nimeona biashara iliyokaribia kuacha makundi yake ya WhatsApp kwa kudhani hayaleti mtu, kumbe ndiyo yaliyokuwa yakileta wengi.

4. Microsoft Clarity

Hii haikuhesabii tu, inarekodi. Unamwona mgeni akiteremka ukurasa, akisita, akigusa mahali pasipofunguka, na unapata ramani ya joto inayoonyesha panapoguswa zaidi. Ni bure. Mimi huitumia kama dawa: naiweka wiki mbili, natazama, narekebisha, naitoa.

Niliiweka kwenye tovuti ya muuza viatu wa Kamukunji aliyelalamika kwamba watu wanaingia lakini hawaandiki. Rekodi za kwanza kumi zilitosha. Kwenye simu zenye kioo kidogo, ule utepe wa kuomba ruhusa ya vidakuzi ulikuwa umekifunika kitufe cha WhatsApp chote. Wageni walikuwa wakigusa picha ya kiatu mara tatu, mara nne, wakitaka ikue waone mshono, na picha haikufanya lolote. Walitaka kununua, na mlango ulikuwa umezibwa. Hakuna hesabu ya kurasa ambayo ingetuonyesha hilo, na bado naumia nikifikiria miezi iliyopotea kabla hatujaangalia.

Skripti yake ni nzito kuliko ya Plausible, na haitamwona kila mtu. Anayetumia Opera Mini katika hali ya kubana data hupokea ukurasa ulioandaliwa kwenye seva (kompyuta za mtandaoni) za Opera, kwa hivyo mienendo ya kidole chake hairekodiki. Clarity huficha kinachoandikwa kwenye fomu. Hata hivyo mwambie fundi afiche pia sehemu zozote zinazoonyesha majina au nambari za simu za watu. Hotjar, iliyoanzia Malta mwaka 2014, hufanya kazi kama hiyo, lakini duka dogo sioni sababu ya kuilipia.

5. Matomo kwenye seva yako

Ilianza 2007 ikiitwa Piwik, ikapewa jina la sasa 2018. Ni programu huria ya kuhesabu wageni: unaiweka kwenye seva yako na takwimu hazitoki hapo. Hospitali, sakko na taasisi zinazoshika habari nyeti ziipe nafasi ya kwanza, si ya tano. Kwa duka ni mzigo. Inataka PHP, hifadhidata ya MySQL na mtu wa kuisasisha; leseni ni bure, mtu huyo si bure.

6. Kumbukumbu za seva

Seva huandika kila ukurasa unaoombwa. Kama umekodi nafasi yenye cPanel, ile paneli ya kusimamia tovuti, huenda AWStats, programu ya kusoma maandishi hayo, imo tayari. Inafaa kugundua kurasa zilizovunjika. Roboti zimejaa humo na vitufe havionekani, kwa hivyo usimwonyeshe mtu tarakimu zake kama idadi ya wateja.

Meta Pixel sikuipanga. Hiyo ni ya kuendesha matangazo ya Facebook na Instagram; kama hulipii matangazo hayo, unawapelekea habari za wageni wako bila kupata kitu.

Sheria, kabla hujaweka chochote

Haki ya faragha iko katika Ibara ya 31 ya Katiba, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamhusu hata mwenye duka la mlango mmoja. Biashara yenye mapato ya chini ya shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi wasiofika 10 kwa kawaida husamehewa kujisajili kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data, isipokuwa kwa kazi fulani kama afya, elimu au huduma za fedha. Msamaha huo ni wa usajili tu, sheria yenyewe inabaki. Andika kwa Kiswahili chepesi unakusanya nini na kwa nini, na uombe ruhusa pale unapoweka vidakuzi. Kampuni za utalii zina la ziada: wageni wao wa Ulaya wanalindwa na GDPR, sheria ya Umoja wa Ulaya ya ulinzi wa data, inayotumika tangu Mei 2018, na mwaka 2022 mamlaka za Austria na Ufaransa ziliamua kwamba namna baadhi ya tovuti zilivyotumia Google Analytics ilivunja sheria hiyo. Ndiyo maana kampuni hizo nazielekeza namba mbili.

Na utakapomwita fundi, kaa naye kitini. Akaunti ifunguliwe kwa barua pepe yako, nenosiri uandike wewe, yeye umwongeze kama msaidizi. Nimewapokea wateja ambao fundi alihama na miaka miwili ya takwimu ikabaki kwenye barua pepe yake, naye hapokei simu. Ilibidi tuanze na sifuri.