Karatasi mbili za kaa: moja nimebaki nayo, nyingine nimeirudisha

Muuzaji wa picha za kale alinitumia karatasi mbili zenye picha za kaa wa baharini, zilizochapwa kwa bamba la shaba na kupakwa rangi kwa mkono. Zilifika zimebanwa katikati ya kadibodi ngumu, hazina mkunjo hata mmoja. Kwa ufungaji sina neno.

Ya kwanza inatoka katika kazi ya Johann Friedrich Wilhelm Herbst, mchungaji wa Berlin, aliyechapisha kitabu kizima cha kaa na jamaa zao kati ya 1782 na 1804. Ukipitisha kidole pembezoni unausikia mfinyo wa bamba, pale mashine ilipoikandamiza karatasi. Mistari ni myembamba na imekoza. Hata kwenye kioo cha kukuzia huoni vile vinukta vya uchapaji wa siku hizi.

Mimi huchora kwa rangi za maji, kwa hiyo kilichonishika ni brashi. Wino ulipokauka, mtu alikaa akapaka nakala hii, kisha nyingine, kisha nyingine. Kwenye gamba la kaa mkubwa aliweka tabaka jepesi la rangi ya udongo, akaliacha likauke, akarudia pembeni tu, ndipo mgongo ukainuka kana kwamba unaweza kuushika. Kwenye gando la kushoto rangi imevuka mstari, upana wa unywele. Jioni nzima nilikuwa nalitazama gando hilo. Jina la aliyelipaka halimo popote kwenye karatasi, lakini mkono wake umo.

Anayetaka picha ya kumtambulia kaa baharini asinunue hizi kwa ajili ya rangi. Kaa akikaushwa, au akitiwa kwenye pombe, rangi yake hufifia, na mara nyingi mzoga kama huo ndio uliofika mezani kwa wachoraji wa Ulaya. Kaa wa chini kwenye karatasi yangu ni mwekundu kama aliyetolewa chunguni. Huenda alipokuwa hai alikuwa wa kijani au kahawia, kwa sababu wekundu ule hufungwa ndani ya protini mpaka moto uufungue. Mimi nampenda hivyo hivyo.

Karatasi ya pili ilinisikitisha. Mistari yake ni ya kale kweli, ila maelezo ya muuzaji yalisema na rangi ni ya wakati uleule. Nilipoigeuza, nikaona samawati imepenya hadi nyuma, imetanda kama chai kwenye kitambaa. Nimewahi kujaribu kupaka kwenye karatasi kuukuu, naijua tabia hiyo: gundi iliyokuwa ikizuia maji ikishaisha, karatasi hunyonya kila tone. Rangi hii iliwekwa karatasi ikiwa tayari imezeeka. Kuipaka upya si kosa, mradi mnunuzi aambiwe, kwa maana thamani yake si ileile.

Nilimwandikia muuzaji, nikamtumia picha za nyuma. Akaipokea karatasi yake na kunirudishia fedha bila mvutano. Nitanunua kwake tena, ila kabla ya kulipa nitaomba picha ya nyuma ya karatasi, na ya pembe zote nne.