Taima ya diski nyekundu: muda unaoonekana ukipungua

Ukimwambia mtoto wa miaka minne "bado dakika ishirini", hujamwambia kitu. Kwake dakika ishirini na dakika mbili ni mamoja, ndiyo maana baada ya muda mfupi atarudi kuuliza, "bado?" Kifaa hiki kinampa jibu analoweza kuliona. Uso wake mweupe umegawanywa dakika 60, na diski nyekundu inafunika kiasi cha muda ulichochagua. Wekundu unapungua kidogo kidogo mpaka unaishia kwenye sifuri, juu kabisa. Kilibuniwa miaka ya 1990 na Jan Rogers, mama wa Marekani, kwa ajili ya binti yake aliyekuwa na swali hilohilo. Cha asili kinaitwa Time Timer, na sokoni vimejaa vya kuiga.

Kinamfaa hata mtu mzima. Mwili una jicho la kuonea mwanga na sikio la kusikia sauti, lakini hauna kiungo cha namna hiyo cha kupimia dakika. Tunaukisia muda kwa umakini na kumbukumbu, na vyote viwili hudanganya: anayesubiri huku akihesabu huona muda umegoma kwenda, aliyezama kwenye kazi hushtukia adhuhuri. Mwaka 1962 Mfaransa Michel Siffre alikaa pangoni miezi miwili bila saa. Alipotolewa tarehe 14 Septemba, kwa hesabu zake ilikuwa bado 20 Agosti. Akihesabu mpaka 120 kwa mwendo alioamini ni wa sekunde, ilimchukua takriban dakika tano. Alikuwa mzima wa akili. Alikosa tu kitu cha nje cha kujisahihishia. Wenye ADHD, yaani hali inayofanya umakini uwe mgumu kuutuliza, wengi wao hupata shida ya jinsi hii kila siku, mchana kweupe, na diski hii inaweza kuwafaa.

Kwa wasemaji wa Kiswahili kuna faida nyingine ambayo nadhani hata mbunifu hakuifikiria. Mtoto wetu anaambiwa ni saa mbili huku mshale umesimama kwenye nane. Kabla hajaelewa muda, anadaiwa kwanza ajue kutoa sita. Diski haina saa, ina kilichobaki tu. Robo ya duara ni dakika 15, theluthi ni 20. Basi.

Kuitega ni rahisi. Shika kitufe cha katikati, zungusha kinyume na mwendo wa saa mpaka ukingo wa wekundu ufike kwenye namba unayotaka, kisha achia. Tatizo liko kwenye muda mfupi. Kila dakika ni nyuzi 6 tu za duara. Diski yenye kipenyo cha sentimita 6 ina milimita tatu hivi kwa dakika, kwa hiyo mkono ukiteleza milimita moja umekosea kama sekunde 20. Kwa dakika 30 hilo si kitu. Kwa yai la kuchemsha la dakika 4, tumia simu. Ukinunua kwa ajili ya darasa, chagua yenye uso wa sentimita 20 au zaidi; ndogo haisomeki kutoka dawati la nyuma.

Wengi wanakosea mahali pa kuiweka. Wanaisimamisha mbele ya daftari, macho yanaifuata, na dakika 20 zinageuka mateso, kwa sababu umakini unaopelekwa kwenye muda ndio unaourefusha. Iweke pembeni, mkono wa kushoto kwa anayeandika kwa kulia, mahali ambapo lazima ageuze shingo kidogo ili aione. Atazame anapotaka, isimwite.

Kwa sababu hiyohiyo siipendekezi taima ya jikoni ya springi kwa masomo, ingawa bei yake ni nafuu na haitaki betri. Inagonga tik-tik mfululizo, na kila mlio unamrudisha mtu kwenye kuhesabu. Pia ina sharti: lazima uizungushe kwanza hadi karibu na mwisho ndipo uirudishe kwenye dakika 10, la sivyo springi haijajaa nguvu, na inaweza kusimama njiani au kukosa kulia. Programu za simu zinaonyesha diski vizuri, ila kioo kikizima muda nao umepotea machoni, na ujumbe ukiingia kazi imeharibika.

Ya diski ya asili hutumia betri moja ya AA, ile ya saa ya ukutani. Weka ya alkali. Zile za bei ya chini huvuja mapema, na kwa unyevu wa pwani vyuma vya kugusia betri hushika kutu upesi. Shule zikifungwa, itoe. Nyingi zina swichi ya kuzima mlio: izime kwa mtoto anayeshtuka kirahisi, iache kwa anayezama mpaka asiinue macho.

Wiki ya kwanza usiitumie kwa adhabu wala kwa mtihani. Itege wakati wa kuchemsha chai au wa kusubiri zamu ya kuoga, shughuli ambazo mtoto anazijua tayari zinachukua muda gani, ili ajifunze wekundu wa kiasi gani ni subira ya kiasi gani.