Godoro jipya la kipanya chetu: la dukani Kariakoo au la kukatiwa Keko?

Mwenye haraka nampa jibu kabisa: tumebaki na sponji la inchi 4 la kukatiwa na mafundi wa Keko, Dar, na tunalala vizuri kuliko tulivyowahi kulala ndani ya kipanya hiki, Hiace yetu ya kulalia safarini. Godoro la dukani la inchi 8, ambalo kila muuzaji alitusukumia, halikufaa hata kidogo. Mwenye nafasi aendelee, maana njia ya kufika hapo ndiyo yenye faida kwa anayetaka kubadilisha godoro la gari lake.

Gari ni Hiace bodi fupi, aina ile ile iliyobeba watu Dar enzi za vipanya. Tulilinunua likiwa limeshang'olewa viti, limewekwa kitanda cha mbao nyuma na masanduku ya vyombo chini yake. Wikiendi tunavuka nalo Kigamboni, mara nyingine Lushoto, na tukienda ukweni Iringa tunalala njiani upande wa Mikumi badala ya kutafuta gesti usiku. Godoro alilotuachia mwenye gari wa kwanza lilikuwa na bonde katikati. Ulale upande gani, alfajiri mnajikuta mmekutana bondeni mpende msipende. Siku nilipoligeuza kulianika nikakuta tumbo lake lote lina madoa meusi ya ukungu, na harufu ambayo nilikuwa nalaumu viatu vya mume wangu.

Tukaanza na Kariakoo, kama kila mtu. Shida ya kwanza ilikuwa saizi. Madukani kuna tatu kwa sita, tatu na nusu kwa sita, nne kwa sita, tano kwa sita. Kitanda chetu kina upana wa sentimita 132 na urefu wa 185, na kona mbili za nyuma zimeliwa na matairi. Nne kwa sita ni sentimita 122 kwa 183. Maana yake unabaki na ufa wa sentimita 10 pembeni ambamo simu, miwani na mkono wa mtu vitadumbukia usiku kucha. Tano kwa sita haiingii bila kulikunja, na godoro lililokunjwa pembeni linakusukuma katikati, yaani bonde lile lile tulilokuwa tunalikimbia.

Shida ya pili ni kimo. Kutoka kwenye ubao hadi darini tuna sentimita 102. Weka godoro la inchi 8, ambazo ni kama sentimita 20, unabakiwa na 82. Mimi si mrefu lakini nikikaa kitako kichwa kinagusa dari, na mume wangu ndiyo kabisa, analazimika kula chakula akiwa ameinamisha shingo. Kwa inchi 4 tunabaki na 92, na hapo wote tunakaa wima, tunakunywa chai mvua ikinyesha nje. Wauzaji hawalifikirii hili kwa sababu chumbani dari iko mbali. Kwenye gari kila inchi ya unene unaitoa kwenye kichwa chako.

Sasa swali likawa: inchi 4 zitawabebaje watu wazima wawili bila nyonga kugonga ubao? Hapa ndipo uzito wa sponji unapoingia, na hapa ndipo nilipoonekana mtata madukani.

Ubora wa sponji hupimwa kwa kilo kwa kila mita ya ujazo. Sponji lenye kilo 18 kwa mita ya ujazo lina hewa nyingi na malighafi kidogo, litabonyea mapema. Lenye kilo 30 au zaidi ndilo la kulalia watu wazima likiwa jembamba. Maneno "hevi duti" na "midiamu" kwenye lebo hayakuambii namba hiyo, na kila kiwanda kina hevi duti yake. Lakini unaweza kujipimia mwenyewe. Nilibeba ile mizani ndogo ya kuning'iniza tunayopimia mabegi ya ndege, pamoja na futi kamba.

"Dada, hii hevi duti, kalia uone," kijana wa duka la kwanza akaniambia.

"Ina kilo ngapi?"

"Kilo? Dada yangu, godoro si nyama."

Alicheka, nami nikacheka, lakini alinisaidia kuliinua. Hesabu ni hii: zidisha urefu, upana na unene kwa mita, upate ujazo, kisha gawanya kilo kwa ujazo huo. Godoro la nne kwa sita la inchi 6 lina ujazo wa karibu mita 0.34. Likiwa na kilo 6, hilo ni sponji la kilo 18 hivi. Likiwa na kilo 10, unaongelea 29 au 30. Magodoro mawili yaliyolala kwenye rafu moja, yenye kitambaa kinachofanana maua kwa maua na bei zilizokaribiana, yalitofautiana zaidi ya kilo 2. Kijana mwenyewe akanyamaza, akaanza kuyainua mengine kwa mikono kujionea.

Kuna mambo mawili ya kuangalia hapo. La kwanza, ugumu na uzito si kitu kimoja. Sponji jepesi linaweza kutengenezwa gumu, likakudanganya ukilibonyeza kwa kiganja, na baada ya muda likalainika vibaya. Bonyeza kwa goti, weka uzito wote, uone kama unagusa chini na kama linarudi haraka. La pili, uzito nao huongezwa kwa unga wa chokaa wakati wa kutengeneza. Ukipata kipande kilichokatwa, kisugue kwa vidole. Kikimeguka na kuacha vumbi, kiache hapo hapo.

Kabla ya kuamua tulijaribu vitu vingine pia, na hivi navipitia kwa haraka. Wifi yangu alituazima tandiko la sponji la kumbukumbu, lile linalobaki na alama ya mkono ukilibonyeza. Sponji la aina hiyo hubadilika kwa joto. Kigamboni mwezi wa pili, usiku hauna upepo, lilikuwa laini mno, unazama na linakukumbatia kwa joto lako mwenyewe. Lushoto likawa gumu mpaka tulipolipasha kwa miili yetu. Wenye kiyoyozi chumbani walifurahie, kwenye gari Dar sitalinunua. Godoro la upepo lilikuwa bovu zaidi: mchana gari likipata jua linavimba, usiku kukipoa linalegea, na mmoja akigeuka mwenzake anarushwa. La springi sikulitazama mara mbili, ni nene, zito, halikatiki kufuata matairi.

Basi tukaenda Keko kwa mafundi wa sofa. Nilielekezwa kwa mzee mmoja mwenye kibanda kilichojaa sponji hadi kwenye paa. Nilimwonyesha vipimo vyangu nilivyoviandika kwenye simu, hata hakuvitazama.

"Niletee boksi, mama. Hizo namba kaa nazo."

Alitaka maboksi yaliyofunguliwa, yaunganishwe kwa selotepu, yatandazwe juu ya kitanda ndani ya gari, kisha yakatwe yafuate ukuta na matairi. Alikuwa na haki. Ukuta wa Hiace unapinda, upana wa mbele ya kitanda si upana wa nyuma, na kona za matairi hazina pembe mraba. Boksi lilipokuwa tayari aliliweka juu ya sponji, akachora kwa kalamu nje ya mstari kwa nusu inchi pande zote isipokuwa wa dirisha, ili sponji likiingia libanwe kidogo na lisiteleze gari linapokata kona. Kisha akachukua bapa la msumeno wa chuma, alilokuwa amelinoa upande mmoja na kulifunga kitambaa pa kushikia, akalipitisha ndani ya sponji kwa mvuto mrefu mmoja mmoja, bila kusukuma. Kingo zilitoka zimenyooka utafikiri mashine.

Akatupangia tabaka mbili. Chini inchi 3 za sponji zito na gumu, juu inchi 1 laini kidogo, zimegandishwa kwa gundi ya kupuliza. Alitupa pia chaguo la kutumia sponji la vipande kwa chini, lile la rangirangi lililotengenezwa kwa mabaki yaliyogandamizwa. Hilo ni gumu na halibonyei, lakini nililiona zito mno kwa kitu ambacho kila asubuhi lazima nikiinue kufika kwenye masanduku ya vyombo. Godoro letu lilipokamilika, kabla ya kuvishwa kitambaa, nililitundika kwenye mizani: kilo 8 kasoro kidogo. Kwa ujazo wake hiyo ni 32 kwa mita. Mzee alisubiri jibu kama mwanafunzi, nikamwambia amepasi.

Tulilikata vipande vitatu ili mchana viwe viti. Hapa nawasisitizia: chagueni pa kukata kabla fundi hajachagua. Yeye alitaka vipande sawasawa, na mkato wa kwanza ungeangukia chini ya nyonga. Lala, mwenzako aweke alama nyonga yako inapofika, kisha mkato uwe chini ya mapaja. Sisi tuna kipande kirefu cha kichwani hadi mapajani, na viwili vifupi miguuni. Mshono hatuusikii.

Kuhusu kitambaa, mzee na mume wangu walikubaliana rekzini yote, ile ngozi ya bandia, eti inafutika haraka. Nilikataa. Rekzini upande wa chini ndiyo mlango wa ukungu. Mwili unatoa unyevu usiku kucha, unyevu unashuka kupitia sponji, na ukikuta kitu kisichopumua chenye ubaridi unageuka maji na kukaa hapo. Tukaweka kitambaa kigumu cha pamba juu na pembeni, na chini kitambaa cha wavu kinachopitisha hewa, vyote vinavuliwa kwa zipu vifuliwe.

Kitambaa peke yake hakitoshi, ubao nao tuliubadilisha. Kitanda cha zamani kilikuwa plaiwudi nzima iliyopakwa vanishi, haina hata tundu. Fundi seremala jirani wa yule mzee aliitoa, akaweka chaga za paini zilizoachana kama inchi 2. Zikiachana zaidi ya hapo, sponji jembamba litaanza kuzama katikati yake. Mwenye plaiwudi asiyetaka kuitoa anaweza kuitoboa matundu mengi na kuweka mkeka wa usumba chini ya godoro, nao unapitisha hewa. Pembeni tumeacha upenyo wa kidole upande wa bati la dirisha, kwa sababu usiku wa Lushoto bati linatoa matone na godoro likiligusa litayanywa. Masika yamepita tukiwa nalo, nimeligeuza na kuchungulia kila tuliporudi, chini ni kukavu.

Harufu ya gundi ilikuwa kali mwanzoni. Tuliliacha barazani, kivulini, mpaka ilipokwisha kabisa ndipo tukaliingiza. Msiharakishe hapo, gari lililofungwa ni chumba kidogo mno kwa harufu ya namna hiyo. Na jiko la gesi lipikiwe nje: sponji hushika moto upesi sana na moshi wake ni sumu.

Gharama yote, sponji, gundi, kitambaa na ushonaji, ilikaribiana na bei ya godoro zuri la dukani la inchi 8. Chaga nililipa kando, si nyingi. Kwa hiyo anayekwenda Keko akidhani ataokoa fedha atashangaa. Unacholipia pale ni godoro linaloenea, na haki ya kusimama pembeni ukaona kilichowekwa ndani kabla hakijafunikwa. Hilo la pili dukani hupewi, na kama fundi atakuambia njoo jioni uchukue likiwa limeshashonwa, tafuta mwingine.

Lawama yangu ni moja. Zipu ya kile kipande kirefu mzee kaishona upande mfupi wa miguuni. Kukivua si kazi, ila kukirudisha kitambaa baada ya kufua kunahitaji watu wawili na uvumilivu, sponji linajikunja ndani, kona hazifiki mahali pake. Nimempelekea aihamishie upande mrefu. Amesema nipitie Jumamosi, na hela ya kazi hiyo hataki.