TAHADHARI: Anayeuza modeli za Safari Rally "kutoka Japani" anauza kopi na kula kianzio

Wakuu, habari za wikiendi.

Ujumbe huu ni kwa wote mnaounga modeli za magari za kipimo cha 1/24 (vigari vya plastiki vinavyokuja vipande kwenye boksi, unaviunga kwa gundi na kuvipaka rangi mwenyewe), na zaidi kwa wale mnaotafuta magari ya Safari Rally. Kuna jamaa anazunguka kwenye makundi ya WhatsApp na Instagram akisema ana mtu wake Shizuoka, Japani, anayemtumia maboksi moja kwa moja. Msimtumie hela. Waliopigwa ninaowafahamu wako Dar, Arusha na Mombasa, na kila mmoja alidhani yuko peke yake hadi tulipolinganisha meseji. Ni zilezile neno kwa neno, hata pale alipokosea kuandika.

Jina simtaji, na siyo kwamba namwogopa. Jina linalojitokeza unapotuma hela siyo lake, na kwa kila aliyepigwa lilikuwa tofauti. Mmoja wa wenye majina hayo tulimpata: mama mtu mzima, hajui modeli ni nini, hajui laini hiyo ilisajiliwa lini kwa kitambulisho chake. Tukimwanika hapa tutakuwa tumemdhalilisha mtu asiyehusika, na tapeli atakuwa anacheka. (Mlio Tanzania, pigeni *106# muone ni namba ngapi zimesajiliwa kwa NIDA zenu. Kuna watakaoshtuka.)

Kinachomsaidia ni mdomo. Atakuambia Tamiya, Hasegawa, Aoshima na Fujimi, viwanda vikubwa vya modeli, wote wana makao mkoa wa Shizuoka, na ni kweli. Atakuambia Tamiya walianza mwaka 1946 wakiwa wafanyabiashara wa mbao, nayo ni kweli. Mambo hayo yanapatikana bure kabisa, lakini yakisemwa na mtu mwenye picha ya rafu iliyojaa maboksi yanamfanya aonekane mwenyeji wa huko.

Anapoteleza ni kwenye Safari yenyewe. Tangazo lake la kwanza nililoliona lilisema anauza "Datsun 240Z iliyomshindia Joginder Singh 1974". Hakuna kitu kama hicho. Joginder alishinda Safari mara tatu: 1965 kwa Volvo PV544, kisha 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer 1600 GSR. 240Z ilishinda mwaka 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann, na tena mwaka 1973 ikiendeshwa na Shekhar Mehta. Boksi la Hasegawa la 240Z ya 1971 limeandikwa mwaka na ushindi juu ya jalada, sasa mwenye boksi mkononi anakoseaje? Nilimuuliza hivyohivyo, kwa adabu. Alinitoa kwenye kundi lake siku hiyohiyo.

Na hakuchagua magari haya kwa bahati. Mashindano yalianza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na wengi wetu tuna baba au mjomba aliyewahi kusimama kando ya barabara akala vumbi ili aone gari moja tu likipita. Tangu Safari irudi kwenye ubingwa wa dunia pale Naivasha mwaka 2021, baada ya kukosekana tangu 2002, kwenye makundi yetu swali la "nani ana 240Z" haliishi. Mtu anayemtafutia mzee wake zawadi habishani sana bei. Jamaa analijua hilo.

Sasa kopi zenyewe. Mwenzetu mmoja aliletewa 240Z aliyoilipia laki na themanini, akaja nayo kwangu kwa sababu gundi ilikuwa haishiki. Nimeishika mkononi, nimeifungua kipande kwa kipande. Siyo plastiki ya kiwandani hata kidogo, ni rezini iliyomiminwa.

Kopi kama hizi hutengenezwa hivi: mtu ananunua boksi moja halisi, anatengeneza kalibu la silikoni kwa kutumia vipande vyake, halafu anamimina rezini humo. Kutoka boksi moja anapata magari mengi kadiri kalibu litakavyovumilia. Ila rezini inapokauka husinyaa kidogo, na kila kalibu linavyochoka ndivyo mistari ya milango na maandishi madogo yanavyofifia. Kwenye ile tuliyonayo, mstari wa buti umekuwa kama kovu, na chini ya bampa kuna viputo vya hewa vya kuingiza ncha ya sindano. Vioo havikuwa vile vipande vigumu vinavyong'aa vya boksi halisi, bali plastiki laini iliyofinyangwa kwa joto, na cha mbele hakikai kwenye tundu lake.

Gundi ilikuwa haishiki kwa sababu rahisi. Gundi zetu za kawaida za modeli, kama ile nyepesi ya Tamiya yenye kifuniko cha kijani, hazigandishi vitu. Zinayeyusha polistirini, yaani plastiki ya modeli za kiwandani, ya pande mbili mpaka zinakuwa kitu kimoja. Rezini haiyeyuki kwa gundi hiyo. Kwa hiyo kipimo ni chepesi kuliko mnavyofikiri: weka tone dogo upande wa ndani wa sakafu ya gari, mahali pasipoonekana. Polistirini italainika na kubaki na alama. Rezini itakaa tu, gundi itakauka juu yake kama maji.

Naomba hapa nisieleweke vibaya, maana najua kuna watu watakuja juu. Rezini yenyewe haina kosa. Kuna mafundi wadogo duniani wanaotengeneza magari yao wenyewe kwa rezini, ya aina ambazo viwanda vikubwa havijawahi kuzigusa, na kazi yao ni nzuri na wanasema wazi ni rezini. Huyu anaiba kazi ya Hasegawa, anaiweka kwenye boksi la fotokopi, anaiita halisi.

Na kuna madhara yanayozidi hela. Aliyeletewa ile 240Z alianza kuipiga msasa mkavu, chumbani, dirisha limefungwa, akidhani ni plastiki ya kawaida. Vumbi la rezini ni baya kwa mapafu. Ukijua una rezini unatumia msasa wa maji na unavaa barakoa inayobana vizuri, usipoambiwa utajuaje? Pia kabla ya praima, yaani rangi ya msingi, bodi ya rezini lazima ioshwe kwa sabuni, kwa sababu hutoka kwenye kalibu na mafuta ya kuzuia kuganda. Usipoosha, rangi itabanduka yote na utamlaumu fundi wa kompresa unayopulizia rangi.

Stika nazo ni za kuchekesha, kama siyo kuliza. Gari la 1971 ni jekundu lenye boneti nyeusi, na namba zake zinakaa juu ya weupe. Stika za maji zilizotoka kiwandani zina wino mweupe kabisa. Jamaa amechapa za kwake kwa printa ya kawaida ya nyumbani kwenye karatasi angavu, na printa hizo hazina wino mweupe; mahali peupe inaacha wazi. Ukiibandika juu ya bodi nyekundu, ule weupe wote unakuwa mwekundu. Hapo ni kama zimefika kwenye bodi, kwa sababu wino wake ukiingia majini bila kupuliziwa klia (vanishi angavu) juu unachuja papo hapo. Za mwenzetu ziliyeyuka kwenye bakuli.

Biashara yake ya pili ni oda, na huko hata kopi hupati. Anakuambia mzigo utatoka Japani, lipa nusu kama kianzio. Ukishalipa anakutumia namba ya kufuatilia mzigo. Wengi huishia kufurahia kuiona namba. Iangalieni vizuri: namba ya kimataifa ya posta ina herufi mbili, tarakimu tisa, halafu herufi mbili za nchi ulikotoka mzigo, kwa Japani ni JP. Aliyompa mtu wa Arusha ilikuwa na tarakimu kumi. Aliyompa wa Mombasa ilikuwa na mpangilio sahihi, lakini inaishia na CN, yaani China, na ukiifuatilia unaona mzigo ulishafika kwa mwenyewe nchi nyingine kabisa.

Baada ya wiki mbili au tatu inakuja meseji ya "afisa wa forodha". Mzigo umekwama, lipa ushuru leo usije ukapigwa mnada, tuma kwenye namba hii. Nyie mnaijua "tuma kwenye namba hii" tangu zamani, amebadilisha nguo tu. Ushuru wa TRA hulipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, ile mnayoiita kontroo namba, wala hauingii kwenye simu ya mtu binafsi. Na mkiona wa kwanza ameulipa ushuru huo wa uongo, basi siku ya pili kuna "gharama ya ghala", na ya tatu kuna kitu kingine. Yule wa Arusha alilipa mpaka cha tatu.

Rangi pia anauza. Anaahidi makopo ya dawa ya kupuliza ya Tamiya kufika kwa posta ya ndege ndani ya siku tano. Makopo yale yana gesi inayowaka na hayaruhusiwi kwenye vifurushi vya kawaida vya posta ya ndege, kwa hiyo ahadi hiyo peke yake inatosha kumjua. Kwa wachache aliowafikishia kitu, aliwapa makopo ya PS wakati waliagiza TS. PS ni kwa bodi za polikaboneti za magari ya rimoti. TS ndiyo ya polistirini tunayounga sisi. Ukipulizia PS kwenye bodi ya modeli umeiweka rehani. Kijana mmoja wa Tabata ameshapoteza bodi hivyo, na hiyo ilikuwa bodi halisi aliyonunuliwa na dada yake aliyeko Oman.

Kuhusu picha: zile za rafu iliyojaa siyo zake. Ukizitazama pembeni utaona vibandiko vya bei kwa yen na kona ya mkono wa mtu mwingine. Zamani tulikuwa tunamwambia muuzaji aweke karatasi yenye jina lako na tarehe kando ya boksi. Siku hizi karatasi hiyo inatengenezwa kwa simu dakika moja, msiitegemee. Ombeni video koli, na msiridhike na jalada. Mwambie afungue boksi, atoe fremu ya plastiki inayoshika vipande, aigeuze uone upande wa nyuma, akuoneshe mfuko wa vioo na karatasi ya stika ikipigwa na mwanga. Muuzaji wa kweli atalalamika kidogo kwamba unamsumbua, lakini atafanya. Huyu wetu simu yake kamera huwa imeharibika. Imeharibika tangu mwaka jana.

Kama tayari umemtumia hela, usianze kumtukana, maana akishajua umeshtuka anafuta meseji zake. Piga kwanza skrinishoti za mazungumzo, tangazo, jina lililojitokeza na namba ya muamala. Halafu pigia mtandao wako mara moja. Ikiwa hela bado iko kwenye akaunti ya aliyepokea kuna uwezekano wa kuizuia, ikishatolewa kwa wakala ndiyo basi. Tanzania namba ya tapeli tuma kwenda 15040. Kenya, kwa laini ya Safaricom, meseji ya kitapeli itume 333, na ya muamala unaotaka urudishwe itume 456. Kisha nenda kituo cha polisi ukachukue RB, yaani namba ya taarifa yako. Najua mtasema polisi watacheka wakisikia mtu analia kigari cha kuchezea. Mmoja alicheka kweli. Lakini sheria ya Tanzania ya makosa ya mtandao ya 2015 haisemi kilichouzwa lazima kiwe kikubwa, na sisi watatu tulipoenda na karatasi zetu pamoja faili lilifunguliwa.

Mlio na duka au mnaoleta maboksi halali kwa watu, na mpo wachache mnaofanya kazi nzuri, mtusaidie: wekeni picha ya fremu zikiwa nje ya boksi, siyo jalada tu, na mtuambie wazi kama kitu ni rezini. Mtatupunguzia maswali na yeye mtampunguzia nafasi ya kujificha katikati yenu.

Kwa sasa amebadilisha ukurasa tena. Picha ya wasifu ni gari la Lancia jeupe, na tangazo jipya ni la Toyota Celica, bei imeshuka, kianzio kimepanda. Mwenye boksi alilonunua kwake na hana uhakika nalo anitumie inboksi picha za upande wa ndani wa bodi, vioo na karatasi ya stika. Walio Dar waje nazo Jumamosi tunapokutana kuunga, gundi ya kupimia ninayo.