Chuo cha udereva kilichonifundisha kutazama kabla ya kushika usukani

Nimemaliza chuo mwezi wa tatu, leseni ninayo, na tangu hapo wanawake wasiopungua sita hapa Bigwa, Morogoro, wameniuliza nilisomea wapi na kama hela yangu ilienda kihalali. Naandika mara moja ili nisirudie. Jina la chuo silitaji, maana anayestahili sifa hapa ni mwalimu, na walimu wa udereva huhama. Ukifika ukamkosa, jina la kwenye bango halitakufaa kitu. Nitaeleza anavyofundisha, nawe hapo Morogoro ulipo, au popote, utafute anayefanya hivyo.

Mume wangu alipata kiharusi mwaka jana. Probox yetu nyeupe ikakaa uani chini ya mwembe miezi saba, matairi yakaanza kulala. Kila mwezi kliniki hospitali ya mkoa, mara mbili kwa wiki mazoezi ya viungo, na kila safari ni bajaji: kumpandisha mtu mzima ambaye upande wa kulia haumtii, kumshusha, kumpandisha tena. Siku moja mvua ilitukuta katikati, nikaona basi, hili gari nitaliendesha mimi. Nilikuwa nimekaa kiti cha mbele cha abiria miaka kumi na tano. Nilidhani barabara naijua.

Chuo cha kwanza nilichoingia sikumaliza hata dakika kumi. Kijana wa mapokezi aliniambia, "Mama, wewe lete picha na hela, siku ya mtihani tutakupigia." Nikamuuliza na kujifunza je? Akasema kuendesha nitazoea mwenyewe mtaani. Mtaani ndiko wanangu wanakopita kwenda shule. Nilitoka nikiwa nimekasirika, na hasira hiyo ninayo mpaka leo, kwa sababu walioketi kwenye benchi wakisubiri kulipa walikuwa wengi.

Cha pili ndicho nilichosoma. Ni chumba kimoja nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, mabenchi manne, feni moja, na katikati meza kubwa ya mbao iliyochorwa barabara: njia panda, taa, pundamilia (kivuko cha waenda kwa miguu), reli, kipilefti (mzunguko wa magari), na vigari vya kuchezea vya watoto juu yake. Ada ilikuwa shilingi 180,000 kwa wiki nne. Leseni ya kujifunzia, ile tunayoiita lena, nililipia TRA, mamlaka ya mapato, 10,000, nayo hudumu miezi mitatu. Msiikate mapema kabla hamjapanga muda wa masomo, itawaishia mkononi.

Mwalimu wa darasani ni mzee aliyeendesha malori ya kwenda Zambia kwa miaka mingi kabla ya kustaafu. Siku ya kwanza hakuandika kitu ubaoni. Alituuliza mmoja mmoja, "Kutoka kwenu mpaka hapa umepita alama ngapi za barabarani?" Mimi nikasema mbili. Kijana mmoja wa bodaboda, ambaye barabara ndiyo ofisi yake, akasema labda tano. Mzee akatutuma: kesho kila mtu aje kwa miguu, ahesabu. Nilitembea kutoka Bigwa nikishika daftari. Nikapata kumi na tisa, na nyingine zilikuwa zimefunikwa na matawi nikazikuta wakati wa kurudi. Miaka kumi na tano nimepita mbele ya alama hizo nikiwa nimeketi, na sikuwahi kusoma hata moja.

Hapo ndipo nilipomwelewa. Kwa wiki nzima hakuturuhusu kugusa gari. Wenzangu wengine walinung'unika kwamba wamelipa hela ya usukani, si ya mbao. Mimi nasema wiki ile ndiyo iliyofanya ada yote iwe halali.

Alama alizifundisha kwa umbo na rangi kabla ya picha iliyomo ndani. Pembetatu yenye ukingo mwekundu inakutahadharisha. Duara lenye ukingo mwekundu linakukataza. Duara la buluu linakuamuru. Ukishika hayo, hata alama usiyoijua utajua inakutaka nini. Lakini kitabu walichotupa kilikuwa fotokopi ya rangi nyeusi tupu! Nyekundu na buluu zote kijivu, katazo na amri hazitofautiani. Nilikaa usiku mzima na kalamu za rangi za binti yangu nikipaka alama moja moja. Hili nilimwambia mwenye chuo uso kwa uso na narudia hapa: kurasa kumi za rangi si gharama ya kumshinda mtu anayekusanya ada za watu ishirini kila mwezi.

Kwenye meza ndipo nilipojifunza kipilefti. Mimi nilikuwa naamini mwenye gari kubwa ndiye mwenye haki, kwa kuwa ndivyo nilivyoona Msamvu, basi linaingia na wote wanalipisha. Mzee aliweka kigari changu kwenye mlango wa kipilefti, akaweka kingine ndani, akaniuliza nani anapita. Nikakosea. Akasema, "Aliyemo ndani ndiye mwenye njia. Wewe unayeingia, tazama kulia." Akanirudisha mara nane, kila mara kwa njia nyingine: natoka kushoto, naenda moja kwa moja, nazunguka kwenda kulia, naonyesha taa gani na naibadili wapi. Mara ya nane nilikuwa nafanya bila kufikiri.

Somo la mwendo alilifanyia uani. Alikuwa na kamba ndefu yenye mafundo mawili. Akampa mwanafunzi mmoja ncha, akavuta mpaka fundo la kwanza. "Hapa ni mita kumi na nne. Ukienda 50 kwa saa, umbali huu unaupita kwa sekunde moja." Akavuta mpaka fundo la pili, mita ishirini na mbili. "Hii ni 80." Kisha akatuambia tufumbe macho, tuhesabu elfu moja na moja, yaani sekunde moja, tufumbue. "Huko ndiko ulikofika ulipokuwa unasoma meseji." Hakuna aliyecheka. Akaongeza kwamba mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali wa breki hauongezeki mara mbili bali mara nne, na hapo hatujaweka mvua wala tairi kipara. Sisi wote tulizoea kwamba 50 ya kwenye makazi ni kwa ajili ya tochi ya trafiki, kile kipima mwendo, na faini ya 30,000. Yeye anataka uione ile kamba.

Kuhusu pundamilia alikuwa mkali kuliko jambo lolote. Gari la upande wako likisimama kwenye kivuko, usilipite, hata kama huoni mtu. Alichukua lori la kuchezea, akalisimamisha kwenye pundamilia, akaficha kifuniko cha soda mbele yake. "Huyu ni mtoto wa darasa la pili. Kutoka kwenye kiti chako unamwona?" Tuliinama mmoja mmoja usawa wa meza tukatazama. Haonekani. Tangu siku ile, nikiona gari limesimama kwenye kivuko nachukulia kuna mtoto mbele yake.

Siku moja aliuliza ufanye nini ukikuta lori la mafuta limepinduka. Darasa lilinyamaza, kwa sababu sisi ni watu wa hapa. Agosti 2019 lori lilipinduka Msamvu, watu wakakimbilia kuchota petroli, moto ukalipuka, wakafariki watu zaidi ya mia moja. Kwenye benchi letu alikuwepo mama aliyempoteza mpwa wake siku ile. Mzee alisubiri mpaka mama huyo alipoinua kichwa, ndipo akaeleza polepole: simama mbali, zima injini, weka pembetatu za kuakisi, zuia watu, mwite askari na zimamoto, usiruhusu mtu awashe chochote. Hakuligeuza kuwa mahubiri. Aliturudishia maneno hayo kila Ijumaa mpaka tulipomaliza.

Sasa gari. Mwalimu wa barabarani ni kijana, mpole, ana kanyagio lake la breki upande wa abiria, na ameurithi utaratibu wa mzee: unaendesha huku unasema kwa sauti unachokiona. "Mbele daladala, taa ya kushoto, atasimama. Kushoto bodaboda, ana abiria, anaweza kukata. Kioo cha kati, Noah, iko karibu mno." Mwanzo ulimi na miguu havikupatana, gari lilinizimikia Kilakala mara nne mfululizo na mtu wa nyuma akapiga honi. Kijana akasema tu, "Mama, hendibreki kwanza. Honi haiendeshi gari." Ukinyamaza kwa muda anakuuliza, "Mbona kimya, barabara imeisha?" Baada ya wiki, kusema kukawa njia ya kutazama. Huwezi kulitamka jambo ambalo macho hayajalikuta.

Kwenye mwinuko wa Boma tulijifunza kuondoka bila kurudi nyuma: achia klachi polepole mpaka uhisi gari linataka kwenda, ndipo uachie hendibreki. Kuteremka alitufundisha mzee mwenyewe, alikuja makusudi siku hiyo. Kanuni yake ni ya Mlima Kitonga, ule mkali wa barabara ya Iringa: mlima unaushuka kwa gia ile ile ambayo ungeupandia. Breki ikishikwa njia nzima inapata moto, na ikipata moto haikusikii tena.

Kasoro zipo na sitazifunika. Gari ni moja, sisi wanne ndani yake, saa mbili kwa siku. Piga hesabu mwenyewe: ukiondoa kubadilishana viti na foleni, kila mtu anashika usukani dakika ishirini hivi. Kukaa nyuma ukimsikiliza mwenzako akisema anachokiona ni somo pia, hilo nakiri, lakini dakika ishirini ni chache kwa mtu wa umri wangu. Mimi nililipia vipindi sita vya ziada, 10,000 kila kimoja, na bila hivyo nisingefaulu. Pili, hawafundishi usiku kabisa. Nilipoendesha giza la kwanza maishani mwangu, taa za lori la kutoka Dar zilinipiga machoni nikapunguza mwendo mpaka karibu nisimame, na sikuwa na mtu wa kuniambia nitazame ukingo wa kushoto wa barabara. Hilo nilielezwa baadaye. Lilipaswa kuwa ndani ya ada. Tatu, gari la chuo ni la kubadili gia kwa mkono na letu nyumbani ni otomatiki. Sijutii, ila wiki ya kwanza mguu wa kushoto ulikuwa unatafuta klachi isiyokuwepo, na mguu huo ukigusa breki kwa nguvu za klachi, wote ndani mnaenda mbele. Uwekeni pembeni kabisa, msiutumie.

Mtihani ulikuwa rahisi kuliko meza ya mzee. Askari wa usalama barabarani aliniuliza alama saba, akanihoji kuhusu kipilefti, kisha akauliza: taa ni ya kijani, askari amekunyooshea mkono usimame, unafuata nini? Nikajibu namfuata askari, amri yake iko juu ya taa na juu ya alama. Barabarani akanitoa mpaka kwenye makutano, akanirudisha, akaniambia nipaki kwa rivasi. Nilikuwa nasema kila kitu kwa sauti bila kujua. Akaniuliza, "Mama, unaongea na nani?" Nikamwambia nilivyofundishwa. Akaandika, akanipa mkono. Leseni ya daraja D, la gari dogo la binafsi, nimeilipia 70,000 kwa miaka mitano, na picha na alama za vidole zilichukuliwa siku ile ile.

Nani nampeleka pale? Mtu anayetaka leseni kesho asiende, mzee atamchosha. Kijana wa bodaboda mwenye haraka, aende, hata kama atanung'unika. Mama wa makamo anayeogopa, aende, lakini atenge hela ya vipindi vya ziada na amwombe yule kijana amtoe jioni, saa moja, angalau mara mbili kabla ya kumaliza. Na adai kitabu cha rangi.

Mimi bado naendesha nikisema. Mume wangu kusema kulimpotea pamoja na ule mkono, maneno yanamjia moja moja na kwa shida. Miezi hii, tukienda mazoezi, amekaa kiti changu cha zamani, naona midomo yake inanifuata. Jumanne iliyopita, tulipokaribia shule ya msingi, nilikuwa natazama kioo. Akasema, "Mpira." Nikatazama, ulikuwa unabingirika kutoka getini. Nikakanyaga breki tukasimama. Mpira ukavuka barabara ukaingia mtaroni, hakuna mtoto aliyetoka. Tukasubiri kidogo hata hivyo.