Founders Online: nimeichimba wiki nzima

Mimi ni wakala wa forodha, maisha yangu ni makaratasi ya mizigo. Mwaka jana duka moja la zawadi liliniuzia "nakala ya kale" ya Katiba ya Marekani. Nilipoinusa, ilinukia majani ya chai, kumbe ilipakwa chai ionekane ya zamani. Binamu yangu akacheka weee, kisha akanielekeza Founders Online, huduma ya bure ya Nyaraka za Taifa za Marekani iliyofunguliwa 2013.

Humo mna barua na hati za waasisi wa Marekani, kina Washington, Madison, Hamilton na wenzao, zimechapwa upya neno kwa neno. Nikatafuta "Annapolis", mji wa jimbo la Maryland, mara nikaikuta taarifa ya mkutano uliofanyika huko, ya tarehe 14 Septemba 1786. Wajumbe 12 tu, kutoka majimbo 5, walikutana kuzungumzia biashara baina ya majimbo. Wakaona ugonjwa hauko kwenye biashara peke yake, mfumo mzima wa serikali una kasoro. Basi wakaomba mkutano mwingine, Philadelphia, Jumatatu ya pili ya Mei iliyofuata. Aliyeandika ni Hamilton, aliyetia sahihi kama mwenyekiti ni John Dickinson, mjumbe wa Delaware. Kikao cha kuitisha kikao! Hayo sisi wa bandarini tunayajua. Ila chao kilizaa Katiba.

Usiziruke tanbihi za wahariri, ndizo zinazokuambia nani alimkwaza nani. Picha za mwandiko wenyewe hamna, hizo zifuate Maktaba ya Bunge la Marekani. Kiingereza chake ni cha zamani, kaa na kamusi na kahawa. Nyota nne na nusu.